Imebaki Kumpata Msomaji

Jumamosi, tarehe 6 Novemba 1999. Mvua ilinyesha alfajiri kutoka upande wa ziwa, ikaacha saa mbili, kisha jua likatoka kali mpaka mabati yakaanza kualika.

Ndivyo daftari langu linavyosema, na sina sababu ya kulikatalia, ingawa siku ile niliandika haraka haraka na huenda mvua iliacha saa tatu. Mimi shule niliishia darasa la saba, huko Kegonga nilikozaliwa. Yote niliyoyajua baada ya hapo niliyapata kwa kuolewa na mwalimu, na sijui kama hiyo inahesabika kuwa shule. Nikikosea mahali, nivumiliwe.

Mume wangu alifundisha Kiswahili miaka mingi, na tulipokuwa tukikaa Homa Bay alikuwa amekwisha kustaafu. Yeye Mjaluo wa upande wa Migori, mimi Mkuria. Kikuria hakukijua, na Kijaluo changu siku zile kilikuwa cha kununulia samaki tu, basi nyumbani kwetu tulikaa na Kiswahili. Kwa wengine huko, Kiswahili ni cha sokoni na cha kuongea na askari. Mwalimu alikipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Kalamu nyekundu haikutoka mfukoni mwake hata baada ya kustaafu. Alisahihisha vibao vya maduka, alisahihisha karatasi za nyimbo za kanisani, na mara moja alisahihisha kadi ya kliniki ya mtoto wa jirani, mtoto mwenyewe akiwa na homa. Lakini nisimwonee. Hakuwahi kumfokea mtu. Aliandika tu neno sahihi juu ya neno lako, akakurudishia karatasi kwa mikono miwili, na hapo ndipo ulipotamani heri angekufokea.

Kompyuta tuliipata kwa mradi mmoja wa samaki uliofungwa na kuuza vitu vyake. Iliwekwa sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma nilichokuwa nimekifuma kwa ajili ya kochi. Kuikaribia ulivua viatu. Mimi nilikatazwa kuipangusa vumbi, nisije nikaiharibu, na baada ya mwezi nikaulizwa mbona ina vumbi. Hakuiita kompyuta. Aliiita tarakilishi, na mgeni akisema kompyuta, mwalimu alimngoja kwa upole mpaka aseme tena. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa orodha ya maneno ambayo watu wa Homa Bay huyakosea, na orodha hiyo ilikuwa ndefu. Ni haki niseme pia kwamba aliwachapia akina mama wa chama chetu barua zao bila kuwadai hata soda, ila barua zilitoka na maneno ambayo wenyewe hawakuwahi kuyasema.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Yeye aliishi kwao, nje kidogo ya mji wa Migori, katika boma moja na mke mwenzake, ambaye sisi tulimwita mama mdogo. Mzee wao alikuwa amekwisha kufariki. Wajane wawili, nyumba mbili, mlango kwa mlango. Kwa miaka yote hiyo mama mkwe alisema ana dada aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na kwa miaka yote hiyo mama mdogo alisema dada huyo hayuko. Sababu yake ilikuwa moja na ilikuwa na uzito: mzee alipozikwa, huyo dada hakuja. Kwa Wajaluo shemeji asiyekuja mazishini ni jambo zito. Mama mkwe alisema alikuwa mgonjwa. Mama mdogo alisema ugonjwa wa kutokuwako hauna dawa. Alilisema hilo kisimani, alilisema kanisani, na maana yake kila mtu aliielewa: kwamba mama mkwe ni mwanamke asiye na watu, aliyetoka hewani tu akaolewa. Nimewahi kumwona mama mkwe akiacha chakula kwa ajili ya neno hilo.

Basi mwezi wa Agosti mwaka huo shemeji yangu, ndugu mdogo wa mwalimu, alikuja likizo kutoka Ulaya. Alikuja na kamera isiyotumia filamu. Na wiki hiyohiyo, bila kutegemewa, dada wa ng'ambo akaja, akalala siku mbili, akarudi kwake. Na siku hizo mbili mama mdogo alikuwa Mbita kwa kaka yake. Mimi sikuwapo, lakini nimeambiwa kwamba mama mkwe alipomkumbatia dada yake, jambo la pili alilofanya ni kutazama mlango wa jirani, akaona kufuli.

Shemeji aliwapiga picha wawili hao. Aliporudi Ulaya alikwenda na kamera, ila kile kidude ndani yake kinachoshika picha alimwachia mwalimu, kwa sababu mwalimu alikuwa amejisifu kwamba tarakilishi yake inasoma kila kitu. Kilikuwa kitu chembamba kama hostia ya misa, upande mmoja rangi ya dhahabu. Mwalimu alizunguka mashine mara tatu akitafuta mahali pa kukiingiza, hakupata. Shemeji akaandika kwamba kinahitaji kifaa chake, kinaitwa kadi rida, na atakituma na mtu.

Mama mkwe akawa anatuma salamu kila wiki: picha iko wapi. Mwisho niliona nimwandikie. Niliandika hivi, nakala ninayo: “Mama, habari ya siku nyingi. Ile memori kadi yenye picha ya dada yako tuko nayo hapa. Tunangojea rida tu.”

Mwalimu akaisoma, akatoa kalamu. Memori kadi akaikata, akaandika kadi ya kumbukumbu. Rida akaikata, akaandika msomaji. Neno picha akalikata pia, akisema kumbukumbu inatosha, picha imo ndani yake. Siku hizi nasikia watu wakisema kisomaji, na nafikiri ile “ki” moja ingetuokoa. Lakini kamusi yake haikuwa na kisomaji, na mwalimu hakuwa mtu wa kutumia neno lisilo na mahali pake. Nami nikainakili safi, kwa mwandiko wangu mzuri:

“Mama mpendwa, kadi ya kumbukumbu ya dada yako tunayo hapa nyumbani. Imebaki kumpata msomaji. Akipatikana tutakuita.”

Nimejiuliza mara nyingi kosa hilo lilikuwa la nani. Kalamu ilikuwa yake, mkono ulikuwa wangu. Niliisoma mara mbili kabla ya kuifunga, na sikuona kitu. Niliona tu kwamba ni Kiswahili kizuri kuliko changu.

Mama mkwe hakujua kusoma. Barua zake zilifikia duka moja la vitambaa mjini Migori, la Mwislamu mmoja mtu wa pwani, muungwana ambaye mwalimu alimheshimu kuliko wote kwa sababu alisema Kiswahili tangu tumboni mwa mama yake. Huyo ndiye aliyemsomea. Na wewe mwenyewe jiweke mahali pake. Kadi ya kumbukumbu ya dada yako tunayo. Imebaki kumpata msomaji. Kwao mtu akifa watu hukaa wakamsomea, na anayesoma ni msomaji. Na kanisani kwa mama mkwe pia, anayesimama kaburini na kitabu padre akikosekana ni msomaji. Mtu wa pwani aliielewa barua ile kabisa, neno kwa neno, pengine yeye peke yake katika wilaya nzima. Alikunja karatasi, akamwambia mama aketi, akasema, “Mama, Mungu akupe subira.” Akafunga mlango mmoja wa duka. Akampa sukari ya kwendea msibani. Mimi simlaumu hata kidogo. Baadaye nilimwandikia kumwomba msamaha, na barua hiyo sikumwonyesha mwalimu. Niliandika memori kadi.

Kifaa kililetwa Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi mwalimu alivua viatu, akaketi, akafungua karatasi ya maelezo ya Kiingereza, akaanza kuitafsiri yote kwanza, kwa sababu hakutaka kifaa kiunganishwe kwa lugha ya kigeni. Mimi nilikuwa nje nachambua maharagwe.

Nikasikia kilio kutoka barabarani.

Kwetu na kwa Wajaluo ni sawa: mtu akiingia nyumbani kwako analia, humwulizi. Unalia, halafu unauliza. Nilisimama, maharagwe yakamwagika, nikaweka mikono kichwani nikalia. Walikuwa watu saba, wamebebwa na pikapu ya jirani yao, mama mkwe mbele, leso kifuani, na wanawake wa kanisa lake nyuma. Aliyelia kuliko wote alikuwa mama mdogo. Alijitupa chini, akainuka, akajitupa tena, akamwita marehemu kwa sifa zake, mwanamke mzuri, mwanamke wa watu, uliyekuja kututembelea ukatuacha. Majirani wakaja mbio. Mke wa nyumba ya pili alikuwa na unga mikononi, akalia nao. Nadhani nililia robo saa nzima nisijue ni nani amekufa, na ni lazima nikiri nilikuwa naanza kupata nafuu ya mambo mengine yangu.

Mwishowe nikamkaribia mama mkwe. “Mama, ni nani?”

Akanitazama. “Nyar Kuria, binti wa Wakuria, unaniuliza mimi? Si ni wewe umeandika?”

Akaitoa barua kifuani. Mwalimu alikuwa ametoka, miguu mitupu. Akaichukua, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote kama anavyosoma insha darasani. Alipofika mwisho akasema, “Barua haina kosa.”

“Hakuna aliyesema ina kosa,” mama mkwe akasema. “Nauliza maiti iko wapi.”

Niliona midomo ya mwalimu ikirudia maneno polepole, kadi ya kumbukumbu, msomaji, na niliona mahali alipofika, maana masikio yalimwanguka. Akaanza kueleza. Akasema kumbukumbu hapa si ya mtu bali ya tarakilishi, kwamba tarakilishi nayo hukumbuka, na msomaji si mtu, ni kifaa, kiko mezani, watu waingie wakione.

“Wewe mtoto,” mama mkwe akasema, “dada yangu ako hai?”

“Mama, kwamba yuko hai siwezi kuthibitisha. Ninachojua ni kwamba barua haikusema amekufa.”

Sijawahi kutamani kumziba mume wangu mdomo kama wakati huo, lakini ukweli ndio alikuwa ameusema. Nikasema mimi: “Mama, hatujasikia kitu chochote kutoka ng'ambo. Hakuna habari mbaya. Ni picha. Ni ile picha yenu ya Agosti. Tumekukosea.”

Akakaa kwenye kibaraza. Akaomba maji. Wanawake wa kanisa wakakaa pia, mmoja mmoja, wakipanguza nyuso, na jirani akatazama unga mikononi mwake akarudi kwake bila kuaga. Nilidhani yamekwisha.

Mama mdogo akajikung'uta vumbi gauni. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mimi nilijua. Mtu ambaye hajawahi kuwako atakufa namna gani?”

Mama mkwe alishika kikombe cha maji bila kunywa. Watu sita wa boma lake na kanisa lake walikuwa pale, na neno lile lilikuwa limesemwa mbele yao wote, katika nyumba ya mtoto wake mwenyewe. Akainuka.

“Mwalimu,” akasema, “nionyeshe.”

Tukaingia wote. Viatu saba mlangoni, yaani jozi saba. Kitambaa kikaondolewa. Kifaa kilikuwa kijisanduku cha kijivu chenye mdomo mwembamba, na mkia uliogawanyika mara mbili: ncha moja ya kuchomeka nyuma pale pa mashine ya kuchapia, ncha ya pili ya kupita kati ya kibodi na mashine, kwa sababu kilikula umeme wa kibodi. Mwalimu aliizima mashine, akapiga magoti, akachomeka akisoma tafsiri yake. Akaiwasha. Kioo kikawa cheusi, kikaandika maneno meupe ya Kiingereza, kikanyamaza.

“Inasema nini?” mama mdogo akauliza. Alikuwa amesimama mbele kabisa.

Mwalimu, ambaye hakuweza kuachia sentensi bila kuitafsiri, akasema: “Inasema, kibodi haipo. Bonyeza kitufe cha kibodi ili kuendelea.”

“Ati inasema hiyo kitu haiko?”

“Haipo.”

“Halafu inakuambia uibonyeze?”

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

Mama mdogo akawageukia wanawake. “Na hii ndiyo tumevulia viatu.”

Ndipo mama mkwe akacheka. Si kicheko kikubwa. Akasema, “Mbona unaishangaa, nyieka? Iko tu kama wewe. Dada yangu hayuko, lakini umemlilia kutoka Migori mpaka hapa. Umelala chini mara ngapi?”

“Mara nne,” mmoja wa wanawake wa kanisa akasema.

“Ni tano,” akasema mwingine. “Pale kwenye daraja pia alitaka kushuka.”

Wakacheka hata wale wa nyuma. Nyieka maana yake mke mwenzangu, na katika miaka yote niliyowajua sikuwa nimemsikia mama mkwe akimwita hivyo kwa utani. Kwa haki, mama mdogo alikuwa katika shida ngumu. Machozi kwa mtu wa ng'ambo alikuwa amekwisha kuyatoa mbele ya mashahidi, na akasema sifa zake zote, hata ile ya kuja kututembelea. Hakuna mila ninayoijua ya kurudisha kilio.

Mwalimu alikuwa chini ya meza akisukuma waya ambao haukuwa umeingia sawasawa. Akabonyeza. Mashine ikakubali kwamba ina kibodi. Akaingiza disketi, tukangoja. Akaingiza kadi, ikakataa. Akaigeuza dhahabu iangalie chini, ikameza. Akabofya hapa na pale, na picha ikaanza kuteremka kutoka juu ya kioo, mstari kwa mstari, kama mtu anayeshushwa kwa kamba.

“Hiyo ni mabati,” mama mdogo akasema.

“Ya nyumba yangu,” mama mkwe akasema.

“Hiyo ni dirisha.”

“Yangu.”

Kikatokea kitambaa cha kichwa, kisha kingine kando yake. Kichwa cha kwanza kikateremka kikawa mama mkwe, amekaza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Cha pili kikateremka kikawa cha mwanamke aliyetazama pembeni. Mama mkwe akaeleza kwamba wakati shemeji anabonyeza, ndama alikuwa ameingia kwenye mihogo, na dada yake akageuka kumfukuza. Uso hatukuuona. Tuliona shavu, na shingo, na sikio moja.

Nilimtazama mama mkwe. Miezi mitatu ya kungoja, kilio cha barabara nzima, na hicho ndicho alichopata cha kumwonyesha mtu. Alisimama tu, mikono nyuma, akimtazama dada yake akifukuza ndama.

Mama mdogo akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mwalimu alitaka kumkataza, nikamshika mkono. Alitazama muda mrefu. Kisha akageuka akamtazama mama mkwe, akapeleka mkono, akasukuma nyuma kitambaa chake cha kichwa. Sikio la mama mkwe lilikuwa limekunjika juu, kama jani la kunde lililokosa maji. Nilikuwa nimeliona kila siku niliyomwona na sikuwahi kuliona.

“Sikio hilo,” mama mdogo akasema.

“La nani?”

“Lako.” Akarudisha kitambaa mahali pake, akakilainisha. “Mbona hakuja kumzika mzee?”

“Alikuwa amelazwa. Nilikuambia.”

“Uliniambia.”

Wanawake wa kanisa wakawa wanatazama sakafu.

“Lakini nimemlilia vizuri?” mama mdogo akauliza.

“Umelia vizuri. Mimi umenishinda.”

“Basi akija tena, mwambie sitalia mara ya pili.”

“Utamwambia wewe. Mimi si mtu wa kubeba maneno.”

Mwalimu alivuta kiti chake, wakakalia kimoja wawili, kila mmoja upande wake, na hapo walikaa mpaka umeme ulipokatika saa kumi na moja. Yeye alitoka akaketi nami kibarazani. Aliichukua ile barua, akatoa kalamu nyekundu, akaishika juu ya karatasi kitambo kirefu. Sikumwona akiandika kitu. Lakini nilikuwa naokota maharagwe, huenda aliandika.

Jioni tulikula watu tisa: ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mbuta wa mchuzi wa nyanya, na mboga ya osuga iliyotiwa maziwa. Maharagwe hayakuwahi kuiva. Mama mkwe na mama mdogo walikula bakuli moja, na kichwa cha samaki alipewa mama mdogo.